Maswali ya Wasomaji: Injini Mpya Ndani ya Bodi ya Zamani

Barua nyingi za toleo hili zinahusu jambo moja: kufufua gari la michezo la zamani na kulitia injini ya gari jingine. Wengi wameuliza kuhusu injini, ilhali shida yao iko kwenye kile kinachoibeba injini, kinachoilisha, kinachoipoza au kinacholisimamisha gari. Ndiyo maana baadhi ya majibu yamerefuka.

Wahariri, salaam. Nina Datsun 240Z ya mwaka 1972, usukani uko kulia. Sakafu imeoza na vizingiti vya milango vina matundu. Nimeshapata injini ya RB25DET, ile ya Nissan yenye turbo, pamoja na giaboksi yake. Fundi mmoja anasema nipige rangi kwanza, mwingine anasema nifunge injini kwanza nione kama inaingia. Nimfuate yupi?

Ndugu msomaji, wote wawili wamekosea mpangilio. Anza na uimara wa bodi, halafu jaribisha injini wakati bati bado liko wazi, kisha maliza kukata na kuchomelea kote. Rangi ije mwisho. Rangi ikitangulia utaichoma mwenyewe utakapotengeneza maunting, yaani vishikilio vya injini. Injini ikitangulia, vipimo vyako vyote vitakuwa vimechukuliwa kwenye bodi iliyolegea, na siku utakayobadilisha sakafu vitahama.

240Z haina chasisi ya peke yake. Reli mbili zinatoka puani, zinapita pembeni mwa injini, zinaingia chini ya sakafu na kuishia karibu na viti. Kuanzia hapo mzigo unabebwa na sakafu, vizingiti na handaki la giaboksi. Kwa hiyo sakafu iliyooza kwenye gari hili ni sawa na chasisi iliyokatika. Chukua bisibisi butu uchokonoe chini ya sinia ya betri, maana asidi ikimwagika hapo hutiririka hadi kwenye reli. Chokonoa pia pale fimbo ya suspensheni ya mbele inaposhikana na reli, kona ya chini nyuma ya kila mlango, sehemu ya gurudumu la akiba, na njia ya maji ya mvua chini ya kioo cha mbele. Bisibisi ikizama, bati hilo halitibiki, linakatwa.

Kabla ya kukata kizingiti, funga mabomba ya pembe nne ya milimita 25 au 30 kukingama uwazi wa mlango, kutoka kwenye bawaba hadi kwenye kitasa. Gari likae juu ya stendi zilizo karibu na sehemu za suspensheni, lisining'inie kwenye ncha. Pima mishazari ya uwazi wa mlango na ya sakafu, uandike namba ukutani. Fanya upande mmoja, umalize, uning'inize mlango, uhakikishe mwanya wake ni ule ule juu na chini, ndipo uende upande wa pili. Waliokata vizingiti vyote viwili kwa siku moja wameishia na milango isiyofunga, na hakuna njia rahisi ya kurudi nyuma.

Kwa sakafu tumia bati la milimita 1, kwa reli milimita 1.5 hadi 2. Mashine ya MIG yenye waya wa 0.6 au 0.8 inatosha. Chomelea vipande vya sentimita moja hadi moja na nusu, kisha hamia mbali, urudi baada ya bati kupoa. Ukivuta mshono mrefu kwa mara moja, bati litajikunja kama karatasi iliyokaribishwa motoni. Mahali ambapo bati mbili zinalaliana, paka kwanza praima ya zinki inayovumilia kuchomelewa, kwa sababu brashi haitafika tena hapo. Pati ni ya kulainisha uso tu. Ikizibia tundu hunyonya maji na kuozesha bati jipya kutoka ndani.

Sasa injini. Huhitaji injini nzima kwa kujaribisha: bloku tupu, silinda hedi, sampu (bakuli la oili chini ya injini) na ganda la giaboksi vinatosha, na ni vyepesi kupandisha na kushusha mara kumi. Suspensheni iwe kwenye kimo chake cha barabarani, siyo ikining'inia. Boneti iwe mahali pake. Acha angalau milimita 20 kati ya kitu cha juu kabisa cha injini na boneti, kwa kuwa injini hucheza juu ya raba zake unapokanyaga mafuta. Angalia sampu isiguse krosmemba (boriti inayokingama chini ya injini) wala isiwe kitu cha chini kuliko vyote vilivyo chini ya gari. Angalia kiwiko cha gia kinatokea wapi kwenye handaki.

Kisha angalia upande wa kulia kwa makini. Injini ya awali ya 240Z ina manifoldi zote mbili upande wa kushoto. RB25DET inatoa moshi kulia, kwa hiyo kwenye gari la usukani kulia turbo na bomba lake vinaangukia pale pale penye shafti ya usukani, masta silinda ya breki na ya klachi. Mwanya wa milimita 25 hadi kwenye shafti ya usukani ndio mdogo kabisa tunaoukubali, tena pawe na bati la kuzuia joto katikati. Mafuta ya breki yakichemka kwenye masta silinda, pedali inazama bila onyo.

Maunting zikishakaa sawa, zichomelee vitone vichache tu, toa injini nje, ndipo umalizie. Joto la kuchomelea huyeyusha raba na kuvuta chuma. Kama betri, alteneta na kompyuta ya injini vimeshafungwa, vitenganishe vyote kabla ya kuwasha mashine.

Nina 240Z nzima, haina kutu, ila injini imekufa. Kati ya RB25DET, 2JZ-GE, LS1 na L28, ipi inafaa?

Injini ya kwanza ya gari lako, L24, ina sentimita za ujazo 2393. L28 ina 2753, yaani ongezeko la asilimia 15, na ni ya ukoo ule ule: inakaa kwenye maunting zile zile, inapokea giaboksi ile ile, kabureta zako zinarudi. Hukati chochote. Kwa mtu anayetaka gari la kuendesha mwaka huu, siyo la kukaa miaka mitatu juu ya stendi, hiyo ndiyo tunayoipendekeza bila kusita.

RB25DET ya Skyline R33 ilitoka kiwandani na nguvu farasi 250. Bloku yake ni ya chuma na ina mkanda wa taiming, na mkanda huo ukikatika vali hugongana na pistoni, kwa hiyo ubadilishe kabla ya kufunga injini hata kama muuzaji ameapa kwamba ni mpya. 2JZ-GE, yenye lita 3 na isiyo na turbo, ina takribani nguvu farasi 220, na kukosa turbo kunaondoa nusu ya matatizo ya joto na nafasi uliyosoma hapo juu. LS1 ni V8 ya aluminiamu ya lita 5.7; ni fupi, kwa hiyo uzito wake unasogea nyuma ya ekseli ya mbele, lakini ni pana na ekzosti zake zinapigana na usukani.

Lililo kubwa kuliko jina la injini ni ukamilifu wake. Nunua injini ikiwa na giaboksi, nyaya zisizokatwa, kompyuta yake, sensa zote, pedali ya mafuta kama ni ya kielektroniki, na ufunguo kama kompyuta inautambua. Injini ya bei ndogo iliyokatwa nyaya kwa mkasi hula akiba yote kwenye kutafuta soketi moja moja.

Injini ya awali niiuze?

Hapana, hasa kama namba yake inalingana na kumbukumbu za gari. Mimina oili kidogo kwenye kila silinda, izungushe kwa mkono, rudisha plagi, ziba matundu ya manifoldi, ifunike na uiweke juu ya mbao, isiguse saruji. Bolti na mabano yake yatie kwenye mfuko wenye maandishi. Kabla ya kuliingiza gari jipya barabarani, andikisha namba ya injini mpya kwenye hati za gari na uitaarifu bima.

Habari za kazi. Gari langu ni MGB ya 1965. Nataka kuweka V8 ya Rover na nimenunua mfumo wa koili wa kielektroniki. Rafiki yangu amenishtua kwamba umeme wa gari langu uko kinyume. Ni kweli?

Ni kweli, na amekuokolea fedha. MGB zilizotengenezwa hadi 1967 zilifunga upande chanya wa betri kwenye bodi. Kifaa cha kielektroniki cha leo kinategemea hasi kwenye bodi. Ukikiunga ulivyo, kinaungua papo hapo.

Kugeuza ni kazi ya saa chache. Kwenye gari lako kuna betri mbili za volti 6 nyuma ya viti, zimeungwa kwa mfuatano. Zigeuze zote mbili, na ubadilishe vichwa vya nyaya, kwa sababu nguzo chanya ya betri ni nene kuliko hasi na kichwa cha zamani hakitakaa. Dainamo na kisanduku chake cha kudhibiti chaji vitoke, maana injini mpya itakuja na alteneta. Takomita ya awali haivumilii kugeuzwa hivi hivi, lazima ifunguliwe na kuungwa upya ndani. Pampu ya petroli ya umeme ichunguze: ile yenye daiodi ndani ina upande wake. Mota ya waipa na taa hazijali.

Kuhusu V8 yenyewe, uko kwenye njia iliyokwisha pitiwa: kiwanda kilitoa MGB GT V8 kati ya 1973 na 1976 kwa injini hii hii ya sentimita za ujazo 3528. Kwa kuwa ni ya aluminiamu, pua ya gari haielemewi kuliko ilivyokuwa na bloku ya chuma ya 1798. Tofauti yako na wenye MGB za bampa za raba, kuanzia mwishoni mwa 1974, ni kwamba chumba chao cha injini kilibadilishwa kupokea V8. Chako kitahitaji kurekebishwa mabano ya maunting, shafti ya usukani na njia ya ekzosti.

Nimemaliza kila kitu, gari linatembea, lakini kuanzia kilomita 80 kwa saa linatetemeka na kuvuma sakafuni. Matairi yamebalansiwa mara mbili. 240Z, difu ya R200 yenye uwiano wa 3.54, matairi 195/60R15.

Ahsante kwa kutupa namba, zinatuwezesha kukokotoa. Kwa matairi hayo, kwenye kilomita 90 kwa saa gurudumu linazunguka takribani mara 13 kwa sekunde. Propela, yaani shafti inayotoka giaboksi hadi difu, kwa uwiano wa 3.54 inazunguka mara 46. Tatizo la tairi unalihisi kama mtikisiko wa polepole kwenye usukani au kiti. Mvumo wa sakafuni ni wa kasi zaidi, na ndio unaokwambia uache matairi na utazame propela.

Fanya jaribio kwanza. Fikia mwendo ambao gari linatetemeka, kanyaga klachi, weka gia huru, acha injini ishuke. Mtetemo ukiisha, tafuta kwenye injini na maunting. Ukibaki, uko kati ya giaboksi na magurudumu. Ukibaki lakini, ukiwa kwenye gia, unabadilika unapokanyaga na kuachia mafuta, karibu hakika ni pembe za krosi, vile viungo vinavyojipinda kwenye ncha mbili za propela.

Krosi ya propela ikifanya kazi kwa pembe, haizungushi shafti kwa mwendo sawa: inaiharakisha na kuichelewesha mara mbili kwa kila mzunguko. Krosi ya pili ipo ili ifute kosa la ya kwanza, na inafanya hivyo pale tu pembe zote mbili zinapolingana. Maana yake ni kwamba mstari wa giaboksi na mstari wa pinioni ya difu (gia inayopokea propela) viwe sambamba. Giaboksi yako ikiinama digrii 3 kuelekea nyuma, pinioni lazima iinue pua digrii 3. Tofauti isizidi digrii 1. Pembe ya kila krosi, yaani tofauti kati ya propela na giaboksi, na kati ya propela na pinioni, iwe digrii 1 hadi 3. Watu wengi hudhani sifuri ndiyo bora zaidi. Siyo. Kwa sifuri vijiti vya beringi ndani ya krosi havizunguki, vinakaa mahali pamoja na kuchimba vishimo.

Pima kwa kipimo cha pembe cha sumaku, gari likiwa juu ya magurudumu yake, kwenye sakafu tambarare, likiwa na uzito wa kawaida. Kisababishi cha kawaida kwenye magari ya kubadilishwa injini ni kwamba mkia wa giaboksi umeshushwa chini sana ili handaki lisikatwe, au injini imeshushwa ili boneti ifunge. Marekebisho ni vipande vya chuma vya milimita chache chini ya maunting ya giaboksi. Milimita 5 hapo zinaonekana kwenye kipimo. Kwa kuwa difu ya 240Z imefungwa kwenye bodi, usambamba unabaki. Mwenye MGB, ambayo ekseli yake ya nyuma inajiviringisha chini ya nguvu, aache pinioni chini kwa digrii 1 au 2 ili ikiinuka iwe sawa.

Ukiwa chini hapo, tazama mambo mawili mengine. Masikio ya krosi kwenye ncha mbili za propela yawe kwenye mstari mmoja. Propela iliyofupishwa na fundi asiye makini mara nyingi huunganishwa ikiwa imejipinda. Na ile sehemu inayoteleza ndani ya giaboksi iwe imebakiza milimita 20 hadi 25 kabla ya kugonga mwisho. Ikigonga, kila shimo la barabarani linapiga beringi za giaboksi kama nyundo.

Nimetoa kabureta na kuweka injini ya sindano. Gari ni kali, ila nikikata kona ndefu tangi likiwa nusu, injini inakata. Pampu ni mpya.

Pampu haina kosa. Tangi lako lilibuniwa kulisha kabureta, ambazo zina bakuli lao la akiba na hutosheka na shinikizo la bar 0.25 hivi. Petroli ikikimbilia upande mmoja kwa sekunde 2, kabureta haijui. Mfumo wa sindano, unaonyunyizia petroli kwa shinikizo, unataka bar 3, na LS1 inataka bar 4, bila kukatika hata nukta. Pampu ikivuta hewa kidogo tu, shinikizo linaanguka. Kwa injini ya turbo hatari si kukata peke yake: mchanganyiko unakuwa mkavu, yaani petroli inapungua kulinganisha na hewa, wakati wa nguvu nyingi, na pistoni inatoboka.

Weka tangi dogo la kati la lita 1 hadi 2. Pampu ya shinikizo dogo inalijaza kutoka tangi kuu. Ziada inatokea juu na kurudi tangini pamoja na hewa. Pampu ya shinikizo kubwa inavuta chini ya tangi hilo dogo. Petroli inayorudi kutoka kwenye regulata ya shinikizo irudi humo humo. Lifunge nje ya chumba cha abiria. Bomba la kurudisha la enzi za kabureta mara nyingi ni jembamba. Likibaki, shinikizo linapanda injini ikiwa silensa, yaani ikizunguka bila kukanyagwa mafuta. Mipira yote iwe ile iliyoandikwa kwamba ni ya mifumo ya sindano, na klampu ziwe laini ndani zisizokata mpira. Mpira wa kabureta chini ya bar 3 hupasuka juu ya ekzosti, na magari mazuri yameungua hivyo.

Pampu iendeshwe na relei inayoamriwa na kompyuta ya injini, iache kusukuma injini inapozima. Usiiunge moja kwa moja kwenye swichi ya ufunguo. Gari likipinduka ufunguo ukiwa umewashwa, pampu itaendelea kumwaga petroli.

Stata inazungusha injini vizuri lakini haiwaki. Nikiachia ufunguo, sekunde ile ile inashika mara moja kisha inazima. Fundi ameshabadilisha sensa tatu.

Mwambie asibadilishe ya nne. Kompyuta yako inakosa umeme wakati wa kuzungusha. Swichi za magari ya zamani zina waya unaozimwa makusudi ufunguo ukiwa kwenye stata ili kuokoa betri, na wewe umeunga kompyuta kwenye waya huo. Weka kipimo kwenye waya wa kompyuta, mtu azungushe: isishuke chini ya volti 9.5 hivi. Tafuta waya wa swichi unaobaki hai katika hali zote mbili, uutumie kuamuru relei, na relei ndiyo ilishe kompyuta moja kwa moja kutoka betri kupitia fyuzi. Kisha pima kati ya bloku ya injini na nguzo hasi ya betri wakati stata inazunguka. Ukiona zaidi ya volti 0.5, waya wa ardhi ni mbovu, na umeme unatafuta njia nyingine kupitia kebo ya klachi au nyaya za sensa.

Kama gari ni 240Z, kuna jambo moja la haraka zaidi. Geji yake ya ampea inapitisha umeme wote wa gari nyuma ya dashibodi, na ilikusudiwa alteneta ndogo ya enzi zake. Ukiweka alteneta ya ampea 80 au 100 na kuacha njia ile ile, waya huo unapikwa. Peleka waya mnene wenye fyuzi kutoka alteneta hadi betri moja kwa moja, uiondoe geji ya ampea kwenye njia na badala yake utumie geji ya volti.

MGB yangu ya V8 inapanda joto kwenye foleni, ikienda inashuka. Niweke radieta kubwa zaidi?

Bado. Injini inayopata joto ikisimama na kupoa ikitembea ina radieta ya kutosha ila haina upepo. Kinyume chake, ile inayopata joto kwenye mwendo mkali ndiyo ya kuulizwa kuhusu radieta, pampu ya maji au mpira wa chini unaojibana.

Feni ikae nyuma ya radieta ikivuta, ndani ya kava linalofunika uso wote. Feni tupu inavuta hewa kupitia duara lake tu. Tazama inavuta upande gani, kwa sababu mota ikiungwa kinyume inazunguka vizuri tu huku ikishindana na upepo. Ziba mianya ya pembeni na juu ya radieta kwa bati au sponji, la sivyo hewa moto inazunguka na kuingia tena mbele. Hakikisha pia hewa imetoka kwenye maji: kwenye pua fupi ya gari la michezo, kifuniko cha radieta mara nyingi kiko chini kuliko manifoldi ya injini, kwa hiyo hewa inabaki juu ya injini. Weka tangi la upanuzi mahali pa juu kuliko vyote na ujazie hapo, pua ya gari ikiwa imeinuliwa.

Na difu ya MGB hiyo niiache?

Uwiano wake wa kawaida ni 3.9. Kwa tairi za 175 za inchi 14 na gia ya tano yenye uwiano wa 0.8, kwenye kilomita 100 kwa saa injini itakuwa takribani mizunguko 2,600. V8 haihitaji kukimbizwa hivyo, na gia ya kwanza itakuwa fupi mno. MGB GT V8 ya kiwandani ilipewa 3.07, ambayo inakupa karibu 2,050. Ifuate.

Nimefunga kalipa za pistoni nne za Toyota Hilux mbele ya 240Z. Breki zinashika, ila pedali inakwenda chini mno. Nimetoa hewa mpaka nimechoka.

Kwanza chungulia nipo za kutolea hewa. Ziko juu au chini? Kalipa ya kushoto ikifungwa kulia, nipo inaangalia chini na hewa haitoki hata ukipampu wiki nzima. Ni kosa linalotokea kila mahali.

Ikiwa ziko juu, jibu ni ujazo. Kalipa kubwa zinataka mafuta mengi zaidi kwa kila kukanyaga, na masta silinda ya awali ina kipenyo cha inchi 7/8, yaani milimita 22.2. Ya inchi 15/16, milimita 23.8, inasukuma asilimia 15 zaidi kwa hatua ile ile ya mguu. Gharama yake ni mguu kukanyaga kwa nguvu zaidi kwa kiasi hicho hicho. Usirukie inchi 1 bila kujaribu hiyo, kwani pedali itakuwa ngumu kama jiwe. Kaza pia marekebisho ya breki za ngoma za nyuma: zikilegea, pedali inapotea hata kwenye gari lisilobadilishwa kitu. Beringi za magurudumu ya mbele zikicheza, diski inasukuma pedi nyuma na mkanyago wa kwanza baada ya kona unazama.

Kesho nawasha kwa mara ya kwanza. Nifanye nini?

Toa plagi zote, tenganisha umeme wa sindano na koili, zungusha stata kwa vipindi vya sekunde 10 ukipumzisha, mpaka geji ionyeshe shinikizo la oili. Rudisha plagi. Washa pampu ya petroli bila kuwasha injini, upite na tochi kwenye kila kiungo. Unyevu wa petroli ukionekana, simama hapo. Kizima moto kiwe mkononi mwa mtu wa pili, siyo kwenye kabati. Ikiwaka, pima taiming ya cheche kwa taa na uilinganishe na namba inayoonyeshwa na kompyuta, kwa sababu kompyuta inaweza kudhani digrii 10 ilhali ukweli ni 20. Kama ni V8 ya Rover yenye kemu shafti mpya, usiiache silensa: ipeleke karibu mizunguko 2,000 kwa dakika 20, kemu na tapeti zake zizoeane.

Baada ya kilomita 500, badilisha oili na chujio, ukate chujio la zamani utazame ndani kama kuna chembe za chuma. Kaza upya bolti za maunting, za flanji ya propela, za difu na za manifoldi ya ekzosti, huku ukipitisha mkono kwenye kila waya na mpira uone uliogusa kitu na kuanza kusuguka.